Paa la Kitambaa Chini ya Jua la Nairobi: Niliyojifunza kwa Kulitunza

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kuhusu gari langu, iwe ni kwenye kituo cha mafuta au kwenye foleni ya Barabara ya Ngong, ni hili: "Na mvua ikinyesha inakuwaje?" Huwa najibu kwamba mvua haina neno, kwa sababu paa la kukunja lililo zima huhimili masika ya Nairobi tangu Machi hadi Mei bila kupitisha hata tone. Ni nadra mtu kuniuliza kuhusu jua, na ni nadra zaidi kuniuliza kuhusu mikono ya wanaoliosha gari, ilhali hayo mawili ndiyo yaliyoniharibia paa la kwanza. Nayaandika hapa kwa faida ya yeyote aliyenunua, au anayekusudia kununua, gari la aina hii katika mji huu.

Gari lenyewe ni Mazda Roadster ya mwaka wa 2003, ambayo katika nchi nyingi huuzwa kwa jina la MX-5. Nililinunua mwaka wa 2012 kutoka kwa mtu aliyekuwa ameliagiza Japani, na wakati huo paa lake lilikuwa la vinili nyeusi, yaani plastiki laini inayofanana na ngozi, lenye kioo halisi cha nyuma. Lilionekana zuri. Nilikuwa nikiliegesha kazini mahali pa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki, na sikuona ubaya wowote kwa kuwa Nairobi si Mombasa na hewa yetu ni ya baridi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na karibu sana na ikweta, na miale ya urujuanimno, ile ile inayochoma ngozi, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ubaridi tunaousikia hauipunguzii miale hiyo nguvu. Vinili hulainishwa kiwandani kwa viambato vinavyoiwezesha kunyumbuka, na jua huvitoa viambato hivyo kidogo kidogo hadi vinili inakuwa kavu na ngumu, kisha inapasuka pale pale inapokunjwa. Kufikia mwaka wa 2015 paa langu lilikuwa na nyufa mbili juu ya madirisha ya milango, moja kila upande, ndefu kama kidole cha shahada.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa kushona viti vya magari, aliyekuwa na kibanda kando ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Hakuziangalia nyufa kwanza. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono wa nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye ngozi ya mtoto, na uzi ukakatika wenyewe katika sehemu tatu bila kuvutwa. "Kijana wangu," akaniambia, "hata nikikuzibia hizi nyufa, huu uzi umeshakufa. Ukifunua paa mara kumi, litaachana." Nilimwuliza kama angeweza kushona upya mishono yote, naye akasema kwamba matundu ya sindano katika vinili iliyokauka hugeuka kuwa mwanzo wa nyufa nyingine, kwa hiyo ningekuwa ninalipia kazi ya miezi michache. Namshukuru hadi leo kwa kukataa pesa ambazo angeweza kuzichukua. Tangu siku hiyo, kila ninapolikagua paa, naanza na mishono, na ninakushauri ufanye vivyo hivyo. Pitisha ukucha. Uzi mzima hukataa. Uzi uliooza huinuka kama vumbi.

Mwaka wa 2016 niliagiza paa jipya la kitambaa, lililoshonwa tayari kwa kipimo cha gari hilo, na mzee yule akalifunga kwa siku mbili. Kitambaa cha paa la gari hakifanani na turubai la lori, ingawa watu hulichanganya jina. Huwa na tabaka tatu zilizogandamana: juu kuna nyuzi za akriliki, katikati kuna utando wa mpira, na chini kuna pamba au poliesta. Kinachozuia maji yasikumwagikie kichwani ni ule mpira wa katikati. Tabaka la juu kazi yake ni kuulinda mpira huo dhidi ya jua na mikwaruzo, nalo hupakwa dawa ya kuzuia maji ili lisiloane. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kulielewa kumenibadilishia namna nzima ya kulitunza paa. Maji yakiacha kuviringika juu ya kitambaa kama yanavyoviringika juu ya jani la nduma, na badala yake yakaanza kuzama na kuacha doa jeusi la unyevu, gari halitavuja kesho wala keshokutwa; lakini kitambaa kitakaa kimelowa kwa saa nyingi, vumbi letu jekundu litageuka tope ndani ya nyuzi, na katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, wakati jua halionekani kwa wiki nzima, kuvu itaota kwenye mishono na kando ya kioo.

Kuhusu kuosha nitakuwa mkali kidogo. Paa la kwanza lilipokuwa bado juu ya gari, kwa takriban miaka mitatu nililipeleka mahali pamoja pa kuoshea, nikiwaacha vijana wafanye kazi huku mimi nikinywa chai. Siku niliyobaki nikitazama, nilimwona kijana akielekeza bomba la mashine ya maji ya kasi kwenye kiungo cha paa na kioo cha nyuma, umbali usiozidi shubiri moja, huku mwenzake akisugua upande mwingine kwa brashi ngumu ya kufulia mazulia na sabuni ya unga. Wiki mbili baadaye gundi ya kioo ilianza kuachia kwenye kona ya kushoto. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba paa lile si bati. Sasa ninaosha paa mwenyewe, na sehemu nyingine za gari nawaachia wao kwa sharti kwamba bomba lisipande juu ya kiwango cha madirisha.

Namna ninavyoliosha ni hii. Nachagua asubuhi, gari likiwa kivulini na kitambaa kikiwa kimepoa. Kwanza nalitoa vumbi likiwa bado kavu, kwa brashi laini au mashine ya kunyonya vumbi, kwa sababu vumbi la Nairobi lina mchanga mwembamba ambao ukiloweshwa na kusuguliwa hukata nyuzi kama msasa. Kisha nalimwagia maji ya bomba la kawaida la bustani, napaka sabuni laini ya gari isiyo na makali, na kusugua polepole kwa brashi ya manyoya laini nikifuata mwelekeo wa nyuzi. Naosha paa lote hata kama doa ni moja, kwani ukiosha sehemu moja tu utabaki na duara linaloonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Halafu nasuuza hadi povu liishe kabisa, na hapa ndipo wengi huchoka mapema. Sabuni iliyobaki ndani ya kitambaa hukaribisha uchafu na huizuia dawa ya maji kushika. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiiguse hata ukiona kuvu, maana huozesha uzi wa mishono. Baada ya hapo naliacha paa likiwa limefungwa, lisikunjwe, hadi likauke hadi ndani. Katika siku ya jua huchukua nusu siku, na mwezi wa Julai naliacha hadi kesho yake.

Dawa ya kuzuia maji naipaka mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa vitambaa vya paa, kama zile za Renovo ya Uingereza au 303 ya Marekani, na la muhimu ni kusoma chupa ili usipake dawa ya vinili juu ya kitambaa au kinyume chake. Funika rangi na vioo kwa shuka kuukuu, paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, na uhakikishe mvua haitakukuta kabla dawa haijakauka.

Watu wengi huniambia niegeshe chini ya mti. Kivuli cha mti kina gharama zake. Oktoba na Novemba mijakaranda inapochanua, mji hupendeza kuliko miji yote ninayoijua, lakini yale maua ya zambarau yakilala juu ya kitambaa chenye unyevu huacha madoa, na utomvu wa miti mingine hukauka kama gamu. Isitoshe kuna ndege, na anayepita Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo anawajua wale marabu wakubwa na kiasi cha wanachokidondosha. Kinyesi cha ndege kikikuangukia usikikwangue. Kiwekee kitambaa kilicholowa maji kwa dakika kumi, kikishalainika kiinue, kisha usuuze. Ukiweza kupata kivuli cha jengo, hicho ndicho bora kuliko vyote. Kava la gari nalo linafaa, ila liwe la kitambaa kinachopitisha hewa, kwa kuwa kava la plastiki hufungia unyevu ndani na kuvu hushukuru.

Maua hayo ya mijakaranda yananirudisha kwenye jambo ambalo karibu linipotezee gari lenyewe, wala si paa tu. Mwaka wa 2018, wakati wa mvua za vuli, nilianza kusikia sauti ya maji yakicheza kila niliposhika breki kwenye taa za barabarani, mfano wa mtungi uliojaa nusu. Ndani kulikuwa kukavu. Nilidhani ni tangi la mafuta. Kumbe maji yanayotiririka kutoka paani hukusanywa na mfereji wa mpira nyuma ya viti, kisha hushuka kupitia tundu moja kila upande na kutokea chini, mbele ya magurudumu ya nyuma. Nilipochutama na tochi nikaingiza kidole kwenye tundu la kulia, nilitoa donge jeusi laini kama ugali wa wimbi, na ndani yake bado ungeweza kutambua vikonyo vya maua. Maji yalikuwa yamepotea njia na kuingia ndani ya bodi chini ya mlango, mahali ambapo kutu huanza bila wewe kuiona. Nilizibua kwa mrija mwembamba wa plastiki, kwa sababu waya ungeweza kutoboa mpira, na maji yaliyotoka yalijaza karai. Sasa nazibua matundu hayo kila mwezi wakati wa mvua, na kila wiki katika msimu wa mijakaranda. Huchukua dakika tano.

Kukunja paa nako kuna adabu yake. Usilikunje likiwa limelowa isipokuwa umelazimika, na ukilazimika, likunjue na kulifunga mara tu unapofika nyumbani, kwani kitambaa kibichi kilichokunjwa usiku mmoja huanza kutoa uvundo. Usiliache limekunjwa kwa wiki nyingi pia. Kitambaa hunywea, na siku ya kulifunga utahangaika kufikisha komeo kwenye kioo cha mbele. Kama gari lako ni la zamani lenye dirisha la nyuma la plastiki, fungua zipu na ulilaze dirisha kabla ya kukunja, na usilifute likiwa kavu. Raba za milango na za kingo za paa zipake grisi ya silikoni mara mbili kwa mwaka. Mafuta ya kujipaka yatokanayo na petroli huzifanya zivimbe, ingawa mafundi wengi huyapendekeza. Na usiache mkoba wala laptopu ndani ya gari, kwa sababu kisu cha mwizi hakiulizi paa lina umri gani.

Paa la mwaka wa 2016 bado liko juu ya gari langu. Rangi imefifia kidogo upande unaotazama magharibi, lakini mishono inakataa ukucha na maji yanaviringika.

Anayekwenda kukagua gari la namna hii kabla ya kulinunua, aende asubuhi baada ya usiku wa mvua. Alifunue na kulifunga paa mara mbili akitazama kona za mikunjo juu ya milango, apitishe ukucha kwenye mishono, anuse nyuma ya viti, na abonyeze zulia la sakafu kwa kiganja. Kisha amwombe mwenye gari aliendeshe mbele hatua chache na kushika breki kwa ghafla huku yeye amesimama kando ya mlango, akisikiliza chini.