Kadi saba za Mama

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Mara ya mwisho kupima presha na sukari bila kuumwa ilikuwa lini, na nini kinakuzuia?" Nitajibu, ila mnivumilie, maana hicho kipande cha mwisho kimenichoma. Mmeshaamua kwamba watu hawapimi. Mama yangu alipima. Pale kwetu Ngamiani hakuna aliyepima kama yeye, na ndiye aliyeanguka.

Wa Tanga mnajua mambo yetu. Mahema ya kupima afya bure hayakosekani: leo Siku ya Kisukari ya Novemba 14, kesho ile ya presha ya Mei 17, mara kampuni fulani inatimiza miaka kadhaa, mara mtu anautaka udiwani. Mama alikuwa hakosi. Akisikia gari la matangazo linapita, anatoa buibui la kutokea na kunipigia simu: "Funga duka, twende tukapime." Kule anakutana na mashoga zake, wanakaa kwenye viti vya plastiki, habari za mji zinaisha zote.

Mwaka 2019 nilimsindikiza uwanja wa Tangamano. Jua la saa sita, foleni imezunguka hema. Zamu yake ilipofika, kijana wa koti jeupe akamwamkia vizuri, "Shikamoo bi mkubwa," akamfunga mkanda wa mashine juu ya mkono wa gauni. Ule mkanda gundi yake ilishachoka, ukawa unaachia, basi akaubana kwa kiganja mashine ikijaza upepo. Muda wote huo Mama kamgeukia jirani yake wa foleni, wanalalamikia bei ya nazi. Ikasoma 171 kwa 99. Kijana akasema, "Iko juu, bi mkubwa. Punguza chumvi, na uende kituo cha afya kilicho karibu." Akamtoboa kidole, akajaza kadi, akagonga muhuri, akampa fulana na soda ya baridi. Soda! Mtu katoka kupimwa sukari sasa hivi, unampa chupa yenye vijiko vya chai vinane vya sukari au zaidi. Mama aliimaliza kabla hatujafika barabarani.

Kadi niliishika mimi, na niliisoma. Nikamwambia, "Mama, presha imepanda." Akanijibu, "Isipande na jua lote hili?" Nikaona ana hoja. Tukapitia soko la samaki la Deep Sea, tukanunua changu wawili, tukaenda zetu kupika.

Miaka miwili baadaye, asubuhi moja, kikombe kilimponyoka. Chai ikamwagika mkekani na yeye akawa anakitazama tu kile kikombe, kama vile ni cha mtu mwingine. Nilipofika mdomo ulikuwa umekwenda upande. Jirani yetu, mtu mwema sana na sina ugomvi naye, akasema huu ni upepo mbaya, atafutwe mtu amwandikie kombe, zile aya za kunywa. Tukatafuta. Mpaka tunampakia kwenye bajaji kwenda hospitali ilikuwa saa nne, na kikombe kilianguka saa moja. Leo najua kwamba kwenye kiharusi kila dakika ina thamani, lakini siku ile sikujua, na hilo nitalibeba mwenyewe.

Daktari akauliza, "Ana presha?" Nikajibu, na naandika haya kwa aibu: "Hapana, huwa anapima."

Mama akasikia. Ulimi ulikuwa mzito lakini akalitoa neno moja: "Kopo." Nikadhani anataka maji. Mdogo wangu ndiye aliyemwelewa. Akadandia bodaboda hadi nyumbani na kurudi na kopo la biskuti la bluu, lile tuliloambiwa tangu utotoni tusiliguse kwa sababu mna hati ya nyumba. Hati ilikuwemo, na picha za marehemu baba, na chini kabisa, kwenye mfuko wa nailoni, kadi zake za mahemani. Saba. Daktari akazipanga juu ya shuka kwa kufuata miaka, kama mtu anayecheza karata. Ya kwanza ilikuwa ya 2009, imeandikwa 146 kwa 92. Hakuna hata moja iliyokuwa chini ya hapo. Ya mwisho ni ile niliyoishika mimi. Chini ya kila moja, kwa miandiko saba tofauti: aende kituoni. Daktari alinyamaza. Mama alikuwa akimtazama kama mwanafunzi aliyepeleka daftari kusahihishwa, anajua hakuruka zoezi hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa akisema "nimepima" kama mwenzake anavyosema "nimekunywa dawa". Kadi kwake ilikuwa stakabadhi: kazi imekwisha, iwekwe.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa nimekusudia kusema mahema yafutwe. Sababu nilikuwa nayo. Presha haiumi, unaweza kutembea nayo miaka kumi huku inakula mishipa, figo na macho, nawe unauza vitenge. Na kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa. Unatakiwa ukae dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi umeegeshwa usawa wa moyo, na mdomo umefungwa. Ikifika 140 kwa 90 unarudiwa siku nyingine, na ni kule kurudiwa kunakojibu kama unayo au huna. Sukari nayo ina yake: aliyekunywa chai na maandazi hasomwi sawa na aliyeamka hajala, ambaye kwake 7.0 ndiyo inayoanza kuitwa kisukari. Sasa hema halina siku ya pili. Kesho yake ukipita uwanjani unakuta mashimo ya vigingi tu.

Lakini nimeyasoma tena niliyoyaandika hapo juu, na naona nawaonea wale vijana. Walimwambia mara saba, tena kwa Kiswahili. Aliyesoma akaenda kununua samaki ni mimi.

Wala sisemi kituoni ni peponi. Sasa kila mwezi nampeleka Mama kliniki. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, tunapanga foleni kwenye dirisha la wazee, na kuna miezi tunaambiwa amlodipini, dawa yake ya presha, imekwisha, tukanunue nje. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita mwaka 2023 na mimi nilishangilia, lakini foleni sijaiona ikipungua. Mtu ambaye haumwi popote, umwambie apoteze siku nzima ya biashara kwa ajili ya namba? Namwelewa asiyekwenda. Namwelewa kupita ninavyopaswa.

Basi hukumu yangu, na mnisamehe haifanani na nilivyoanza: hemani nendeni. Vua mkono wa gauni, habari za nazi ziache kwanza, soda mwachie mwenye nayo. Na kadi usimwachie mzee, hasa mzee mwenye kopo. Aishike kijana wake, amuulize yule wa koti jeupe kituo gani na siku gani, aandike kwenye simu. Wenye kulipia mahema nao, kama wanasoma gazeti hili, hela ya fulana ingetosha kumweka nesi mmoja wa kuwapigia simu waliokutwa juu. Labda nakosea hesabu, mimi ni muuza vitenge.

Mama yupo. Mguu wa kulia anauburuza, vidonge anavikumbuka kuliko sisi, chumvi kwenye mchuzi bado tunagombana.

Na swali lenu sijalijibu. Mara ya mwisho mimi kupima ilikuwa Machi, kwenye foleni hiyohiyo ya Mama, nesi akanifunga mashine kwa utani. 138 kwa 88. Akasema ipo mpakani, nirudi baada ya miezi mitatu. Sasa ni Agosti. Mama ameniuliza mara mbili kama nimerudi. Mara ya pili nilimwambia nimerudi.