Maswali yenu: GPS gani kwa gari la kulala ndani?

Mvua zimeisha, potopoto imekauka, na kila mtaa wa Lubumbashi naona watu wanatengeneza magari ya safari. Huyu ana Land Cruiser yenye hema juu ya paa, yule kang'oa viti vya Hiace akaweka kitanda na jiko la gesi. Mimi nayaita yote magari-nyumba, hata lile la jirani yangu ambalo kitanda chake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya bia. Wiki hizi karibu barua zote mnaniuliza habari za GPS, kile kifaa cha kuonyesha njia. Niliendesha lori njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenda kusini miaka mingi kabla ya kufungua duka la vifaa vya magari, kwa hiyo najibu kama dereva kwanza, muuzaji baadaye.

Yaya (ndugu mkubwa), kaka yangu wa Brussels anataka kunitumia GPS ya magari-nyumba, inchi 7, mpya kabisa. Itashika huku kwetu? (Mama wa Kampemba)

Kushika itashika, mama. Setilaiti za GPS ni za Marekani, zinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake yanashuka Kampemba sawa na Brussels, bure. Kifaa kikizipata nne kinajua kiko wapi. Shida utaiona kwenye kioo: mshale mdogo wa gari umesimama peke yake kwenye ukurasa karibu mtupu. Barabara ya Likasi hakuna, soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, hakuna. Vifaa vya Garmin na TomTom vinavyouzwa Ulaya kwa wenye magari ya kambi hubeba ramani ya Ulaya, na ramani ndiyo unayolipia. Kisanduku chenyewe ni redio ya kupokea tu.

Mwambie kaka, kabla ya kutoa pesa, asome kwenye boksi ni nchi gani zimo, kisha aulize kama kifaa kinapokea ramani nyingine kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Garmin nyingi zinapokea. Kuna Tracks4Africa, watu wa Afrika Kusini wanaochora ramani za Afrika kwa ajili ya wasafiri wa magari, na Kongo imo. Ramani yao huingia kwenye Garmin. Ukiwa na TomTom utategemea ramani wanazouza TomTom wenyewe. Mteja wangu mmoja alilipa ushuru wa kifaa kizuri sana, akaniletea "nimwekee Kongo". Nilimrudishia kikiwa na Ubelgiji yote, kila kichochoro.

Simu yangu ina ramani. Kwa nini ninunue kitu kingine? Tatizo langu ni mega za intaneti, zinaisha kabla sijafika Likasi. (Kijana wa Katuba)

Mega hazihusiki na GPS. Jaribu leo: pakua ramani, toka uani, weka simu kwenye hali ya ndege, tembea. Ile nukta itakufuata. Kinachokula mega ni mchoro wa ramani unaoletwa kidogo kidogo kutoka mbali, basi ulete wote usiku mmoja ukiwa nyumbani. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinafanya kazi bila mtandao, na zote zinatumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo watu huichora kwa kujitolea. Upande wetu huu, vijiji vidogo nimevikuta humo mara nyingi kuliko kwenye ramani za kununua.

Sasa ubaya wake. Wachoraji wengi wako mbali, wanatazama picha zilizopigwa angani, na ukitazama kutoka angani njia ya wachoma makaa inafanana na barabara. Siku moja nikienda upande wa Kasenga, simu ikanionyesha njia ya mkato. Mwanzo wake ulikuwa mzuri, udongo mwekundu umebanwa vizuri. Kilomita tano ndani ikawa njia ya baiskeli, majani yanapangusa milango. Kilomita saba, njia ya miguu. Ya nane nikakuta tanuri la makaa linafuka moshi katikati ya hiyo "barabara", na mzee mwenye koleo amekaa juu ya gunia. Akanitazama, akatazama gari, akasema, "Wewe ni wa tatu wiki hii." Sauti ya simu bado ilikuwa inanihimiza niende moja kwa moja. Kilomita karibu mbili nilirudi kinyumenyume, mke wangu anatembea nyuma akinionyesha visiki, hadi nilipopata pa kugeuzia.

Kwa hiyo simu inatosha, ndiyo, kwa mtu anayezoom na kutazama picha kabla ya kuamini mstari. Tatizo la pili ni joto. Simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele saa nane mchana wa Oktoba, inachaji na kuonyesha ramani kwa wakati mmoja, inaweza kuacha kuchaji au kujizima kabisa. Iweke mbele ya tundu la upepo wa ubaridi. Na beba simu ya pili yenye ramani zilezile, imezimwa, kwenye droo.

Muuzaji anasema GPS ya gari-nyumba inauliza kimo na uzito wa gari, ndiyo maana ni ghali. Inafaa? (Baba mmoja wa mtaa wa Golf)

Inategemea utaendesha wapi, baba. Ukienda kukodi gari-nyumba Ulaya au Marekani, inafaa kila senti. Kule kuna madaraja ya reli yanayopita chini sana juu ya barabara. La Durham, North Carolina, lilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, yaani mita 3.56 hivi, na limechuna mapaa ya malori ya kukodi miaka na miaka. Mwaka 2019 walilipandisha hadi futi 12 na inchi 4, na bado wapo wanaoligonga. Kifaa cha magari-nyumba, ukikiambia gari lako lina mita 3.8, hakitakupitisha pale. Kitakukwepesha pia mahandaki yanayokataza mitungi ya gesi, kama umekiambia unayo.

Huku kwetu kazi hiyo haifanyi. Kifaa kinaweza kuonya juu ya daraja pale tu ambapo mtu alipima daraja akaandika namba kwenye ramani. Madaraja ya mbao ya njia za vijijini ya Haut-Katanga nani kayapima? Kifaa kisichojua hakisemi "sijui", kinanyamaza na kukupitisha. Daraja la namna hiyo unashuka, unalitazama chini, unauliza lori la mwisho kupita lilikuwa la tani ngapi. Pesa iliyobaki nunua kamba ya kuvutia na koleo zuri.

Kupima gari pima hata hivyo. Panda ngazi na futi, tairi zikiwa zimejazwa na gari likiwa tupu, maana likiwa tupu linasimama juu zaidi. Pima hadi kitu cha juu kabisa: hema, kikapu cha madumu, sola. Uzito upime mizani ukiwa umejaza kila kitu, kwa sababu tangi la lita 100 za maji ni kilo 100 na watu wanalisahau. Andika namba hizo kwenye karatasi, bandika mbele ya usukani.

Mwenye kambi, kilomita chache tu kutoka mjini, alinitumia namba 11.66 na 27.48. Nimeziingiza, GPS inasema ni mbali zaidi ya kilomita 2,500. Imeharibika? (Msomaji wa Ruashi)

Haijaharibika, imekupeleka Sudan. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo namba ya kwanza inataka alama ya kutoa mbele yake, -11.66, au herufi S kama kifaa chako kinaandika herufi. Bila alama hiyo umeruka ikweta ukatua Kordofan. Kosa hili angalau linajionyesha lenyewe.

La hatari ni lile dogo. Kuna wanaoandika mahali kwa nyuzi zenye nukta, wengine kwa nyuzi, dakika na sekunde. Mahali palepale panaweza kuandikwa 11.66 au 11°39'36". Ukichukua hiyo ya pili ukaiandika 11.3936, umekosea kama kilomita 30, na kilomita 30 utaziendesha bila kushtuka mpaka jua lizame. Mwombe mwenye kambi akutumie kiungo cha ramani kwenye WhatsApp, ukibonyeze tu.

Nimenunua GPS ya mtumba. Mahali inaonyesha sawa, lakini tarehe iko nyuma karibu miaka 20. Ni ya wizi? (Mwalimu, Kamalondo)

Ya wizi au si ya wizi, mwalimu, tarehe haiwezi kukuambia. GPS huhesabu muda kwa wiki, na hesabu ya zamani inafika 1023 kisha inarudi sifuri, kama kilometa za gari kuukuu zinazorudi mwanzo. Wiki 1024 ni kama miaka 19 na miezi 7. Mara ya mwisho hesabu iligeuka usiku wa tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa ambavyo mwenye kuviunda hakuvirekebisha vikadhani viko mwaka 1999. Vingine vilikuwa na hesabu yao ya ndani, vikapotea siku nyingine. Mahali huwa panabaki sahihi. Saa ya kufika na kumbukumbu za safari ndizo zinazovurugika. Tafuta programu mpya ya kifaa chako. Ikiwa haipo, jua kwamba na ramani iliyomo ni ya umri uleule, na hapo ndipo ningekasirika na muuzaji.

Tunaenda harusini Mansa, Zambia, na gari la familia. GPS inatupitisha Mufulira. Halafu mwezi wa nane tunataka kufika Chobe, Botswana, na GPS hiyohiyo inatupeleka kivukoni Kazungula. Tuifuate? (Familia ya mtaa wa Kenya)

Ya Mansa kwanza. Tazama ramani: kipande cha Kongo kinaingia ndani ya Zambia kama kidole, upande wa Sakania. Njia fupi ya kutoka Mufulira kwenda Mansa inakata kidole hicho, kutoka Mokambo hadi daraja la Chembe juu ya mto Luapula. Kwa kifaa ni barabara fupi basi. Kwenu ni hivi: mmetoka Kongo Kasumbalesa, mmeingia Zambia, mmerudi Kongo Mokambo, mmeingia tena Zambia Chembe. Mihuri, makaratasi ya gari, barieri, na kama ruhusa yenu ya Zambia ni ya kuingia mara moja, imeisha kabla hamjaona bibi harusi. Ulizeni mpakani mapema. Mkitaka kubaki Zambia, wekeni Serenje na Samfya kama vituo vya kati. Ni mbali zaidi sana, lakini mpaka ni mmoja.

Kazungula: ramani yenu imezeeka. Kivuko kilikuwepo, na malori yalikingojea siku nyingi; mimi nimepika bukari (ugali) pale chini ya trela zaidi ya mara moja. Daraja lilifunguliwa Mei 2021, mita 923, limepinda makusudi ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Mnatoka Zambia, mnaingia Botswana moja kwa moja. Kabla ya kununua kifaa chochote kwa safari za kusini, kitafutie hapo hapo dukani Kazungula. Kikionyesha daraja, ramani yake ina umri unaokubalika.

Na mkivuka Kasumbalesa msisahau mnahamia upande wa kushoto. GPS itajua. Asubuhi ya pili, mnapotoka kambini bado na usingizi, ndipo dereva anaposahau.

Nibandike wapi? Na basi langu ni la volti 24. (Dereva, Likasi)

Chini kabisa ya kioo, kona ya upande wako, isizibe barabara. Pangusa kioo na kipira cha kunatia kwa maji ya vuguvugu, la sivyo vumbi litaiangusha kwenye shimo la kwanza. Shaja hakikisha imeandikwa 12–24 V. Ya 12 peke yake utaiunguza. Betri ya ndani ya vifaa hivi hudumu saa moja au mbili tu, usiitegemee. Ukilala Kasumbalesa kwenye foleni, kitoe na kipira chake, futa na ile alama ya duara iliyobaki kiooni, mwizi asijue una GPS.

Kwa pesa yako mwenyewe ungenunua nini? (Wengi)

Nina simu mbili zenye OsmAnd na Organic Maps, na Garmin kuukuu ya mtumba yenye kadi ya Tracks4Africa ambayo naiwasha nikivuka mpaka tu. Ile ya kimo na uzito sikununua. Ningekuwa na safari ya Ulaya ningekodi gari ambalo tayari linayo.

Na usiku kabla ya kuondoka nampigia muuza michopo (nyama ya kuchoma) mmoja wa njia ya Likasi. Malori yote yanasimama kwake, anajua daraja lipi limeliwa na mvua na barieri ipi imehamishwa tangu jana. Hutaka tu nisimame nikipita, nile.