Jibu: Nipande nini kwenye eneo lililokaa bure?
Mkuu, umeuliza upande nini kwenye robo eka iliyokaa bure nyuma ya nyumba ili ikuingizie hela. Mahindi achana nayo. Nafaka kwenye eneo dogo ni kujichosha tu. Fanya kitalu cha miche. Anayenunua mche analipia muda na kazi yako, siyo ukubwa wa shamba.

Anza na rozimari na mnanaa kwa vipandikizi. Kata ncha changa ya sentimita 10 hivi, chini kidogo ya kifundo (pale majani yanapochipukia), pukutisha majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Udongo uwe na unyevu bila kutota. Mnanaa hutoa mizizi ndani ya wiki 2 hivi. Rozimari huchukua wiki 4 hadi 8, na usiifukue kuchungulia (najua utatamani). Ivute kidogo tu, ikikataa ujue imeshika.

Maji ya uhakika unayo? Kama huna, usianze kiangazi.

Kabla hujajaza viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche), ongea na wauza maua na watengeneza bustani wakuambie wanakosa nini. Halafu mnanaa ubaki kwenye chungu, ukiuachia ardhini utateka bustani nzima.