Kuhamishia huduma ya tiketi kwenye repo yake

Ndugu yangu wa Tanga, unauliza kama mkopi tu folda ya huduma ya tiketi za mabasi ya stendi ya Kange kutoka repo ya sasa (hifadhi ya msimbo wa programu inayotunzwa na Git) na kuibandika kwenye repo mpya. Tafadhali msifanye hivyo, mtapoteza historia: nani alibadilisha mstari upi, na kwa nini. Hiyo ndiyo mali yenyewe. Wenzako wamalize kwanza matawi yao (kazi zinazoendelea kando), maana vitambulisho vya komiti, yaani vya kila badiliko lililohifadhiwa, vitabadilika. Kisha vuta nakala mpya ya repo ya zamani na humo uendeshe git filter-repo --path tiketi/, amri inayoandika upya historia na kubakiza folda hiyo tu; kinachobaki ndicho cha repo mpya. Kama folda iliwahi kubadilishwa jina (wengi hulisahau hili), ongeza --path yenye jina la zamani, la sivyo historia itakatikia hapo. Nywila iliyowahi kuingia kwenye folda hiyo itahama pia na historia, ibadilisheni kabisa.