Hati ina majina mawili, risiti hazina hata moja

"Shikamoo shangazi. Naishi Uingereza na mke wangu na watoto wetu, zaidi ya miaka kumi sasa. Nina nyumba Bamburi, Mombasa, fleti nne, zote zimepangishwa. Mdogo wangu ndiye msimamizi: hupokea pango kwenye simu yake, hulipa mafundi, na kinachobaki hukiweka akiba huko huko. Hakuna senti inayokuja huku. Lakini tangu mke wangu aione barua ya watu wa kodi niliyokuwa nimeiweka kwenye droo, hapakaliki. Anataka daftari, anataka risiti, tena amempigia mdogo wangu kumuuliza kwa nini matengenezo ya bomba ya Januari yalifika shilingi 85,000 wakati Januari ya mwaka jana paa lilikula 80,000. Mdogo wangu amenuna. Mama amenipigia akilia. Ni kweli hati ina majina yetu sote wawili kwa sababu benki iliyotoa mkopo ilitaka hivyo, lakini nyumba ni jasho langu. Nimwambie nini aiheshimu familia yangu? Au ndiyo anajipanga kuniacha? – Mume Aliyechoka"

Marahaba, baba. Pole kwa machozi ya mama, hayo yanauma kweli. Pole yangu inaishia hapo.

Umeanza na "nina nyumba". Karibu na mwisho wa barua, hati ikachomoza na majina mawili. Jambo kubwa kuliko yote umelificha nyuma ya neno "benki", nami ndilo nitakaloanza nalo. Kwa kodi ya Uingereza, mume na mke wanaoishi pamoja wakiwa na nyumba kwa majina yao wote, pango lake huhesabiwa nusu kwa nusu, hata kama shilingi zote zinapita kwenye simu ya shemeji. Mgao huo haubadiliki kwa sababu unahisi jasho lilikuwa lako. Hubadilika tu kama umiliki wenyewe kweli si sawa kwa sawa, na mkajaza Fomu 17 ya watu wa kodi mkaitia saini wote wawili. Kwa hiyo mkeo anatakiwa kutoa maelezo ya nusu ya Bamburi kwa jina lake na kwa saini yake. Akiulizwa, hawezi kujibu "muulizeni shemeji". Wewe unasema anakudhalilisha. Mimi namwona mtu anayedaiwa hesabu ambayo hajawahi kuonyeshwa.

Halafu ile barua ya droo. Umeipita mbio mno. Hukusema ilitoka lini, inataka nini, wala ilikuwa na jina la nani juu ya bahasha. Sitashangaa nikiambiwa lilikuwa jina lake. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Unaniambia hakuna senti inayokuja huku, kana kwamba hiyo ni kinga. Mkaazi wa Uingereza hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, yavuke bahari au yalale Mombasa. Zamani watu wenye asili ya nje waliweza kuomba watozwe kwa kile tu walichokiingiza nchini. Mlango huo ulifungwa tarehe 6 Aprili 2025, na nafuu iliyobaki ni ya wageni wapya katika miaka yao minne ya kwanza. Wewe umeshapita kumi. Kuna msamaha wa pauni 1,000 za pango kwa mwaka kwa kila mtu, lakini fleti nne za Bamburi, hata mkigawana, sioni zikitosha humo. Kama kuna marafiki wanaokwambia vingine baada ya mpira, waulize kama watachanga faini.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Matengenezo makubwa Januari mwaka huu, matengenezo makubwa Januari mwaka jana. Bomba na paa za Bamburi zina adabu sana, zinangoja shule zifunguliwe ndipo ziharibike. Simwiti mtu mwizi. Huenda alilipa karo ya watoto wake akaona aibu kukwambia, na huenda wewe ulijua ukanyamaza, maana ni ndugu yako. Kumsaidia ndugu ni jambo jema, lakini karo haigeuki kuwa bomba. Ukiiandika kama gharama ya nyumba, umewadanganya watu wa kodi, tena kwa mkono wa mkeo.

Risiti anazozidai mwanamke huyo zina faida ambayo hujaiona. Huko Uingereza mnatozwa kwa faida, yaani pango toa gharama. Kupaka rangi, kuziba paa, ada ya msimamizi, bima, ada za ardhi za kaunti, vyote hukatwa, mradi vina ushahidi. Kujenga chumba kipya juu hakukatwi kwenye pango. Risiti zake hutunzwa hadi siku mtakayouza. Na ule mkopo wa benki unaoutaja kwa kunung'unika, marejesho ya deni lenyewe hayahesabiwi. Riba ndiyo yenye nafuu, asilimia 20 yake ikipunguza kodi yenu. Basi mnahitaji taarifa ya benki inayotenganisha riba na deni kila mwaka. Je, unayo? Mkeo anayo, nadhani, au anaitafuta.

Kenya nayo ina chake. Kwa mkaazi wa Kenya mwenye pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huchukua asilimia 7.5 ya pango lote kabla ya gharama. Kiwango hicho kilikuwa 10 hadi kiliposhushwa Januari 2024, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 30. Msikisie mko upande gani, kwa sababu sheria ya Kenya humhesabu mkaazi hata mtu mwenye makao ya kudumu kule aliyekanyaga nchini siku moja tu katika mwaka huo. Hapo mlipeni mhasibu anayezijua nchi zote mbili. Kilicholipwa KRA kihalali hupunguza kodi ya Uingereza kwa pango hilohilo, ila mtatakiwa kuonyesha stakabadhi, nayo iwe na PIN zenu, yaani namba zenu za mlipakodi. Kama mdogo wako alilipa kwa PIN yake, au hakulipa kabisa, mtabeba mzigo mara mbili na yeye atazidi kununa.

Tena kalenda hazilingani. Mwaka wa kodi wa Kenya ni Januari hadi Desemba. Wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili. Jumla ya mwaka mzima anayokutumia mdogo wako kwa ujumbe wa simu haiwezi kukatwa vipande. Inatakiwa kila malipo na tarehe yake: nani kalipa, fleti gani, kiasi gani, na kilibadilishwa kuwa pauni kwa kiwango kipi (HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, hutangaza viwango, chagueni njia moja mshikamane nayo). Karatasi za duka la vifaa hufifia, zipigwe picha siku ileile. Hesabu za mwaka ulioisha Aprili 2025, ambazo mwisho wa kuwasilisha ni 31 Januari 2026, zitunzwe hadi 31 Januari 2031. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na niseme na wanaume wenzako, maana hujaniandikia peke yako. Mkiwa ughaibuni mnataka ndoa ya kisasa: mke afanye zamu za usiku, pango la mnakoishi mgawane, umeme mgawane, hata maziwa ya mtoto mgawane. Ikitajwa nyumba ya nyumbani, ghafla mnakuwa wazee wa ukoo na mke anakuwa mgeni. Saini yake ilifaa siku ya kuomba mkopo. Siku ya kuuliza mkopo umezaa nini, anaambiwa hana heshima. Wanawake nao wapo wanaojenga kwao kimyakimya, hao nina barua zao na zamu yao itafika. Leo ni yako.

Itoe ile barua mkaisome pamoja usiku huu. Huenda ina tarehe ya mwisho ya kujibu. Kama kuna miaka ambayo hamkutangaza pango, HMRC ina utaratibu wa kujieleza kwa mapato ya nje: ukishawajulisha, unapewa siku 90 kuleta hesabu na kulipa. Kwa mapato ya nje wanaweza kurudi nyuma hadi miaka 12 hata kama hukukusudia, na 20 kama ulikusudia, na adhabu inaweza kufika asilimia 200 ya kodi yenyewe. Anayejitokeza huadhibiwa kwa nafuu kuliko anayefuatwa. Kenya imo katika mpango wa nchi zinazopeana taarifa za akaunti za benki, kwa hiyo usitegemee kimya cha Mombasa.

Mdogo wako usimfukuze. Fungueni akaunti ya majina yenu mawili, wapangaji walipe humo moja kwa moja, naye alipwe ada ya usimamizi kila mwezi kwa maandishi. Ada hiyo nayo ni gharama inayokatwa. Akihitaji karo aombe karo, mkae wawili muamue. Mama mpigie wewe, umwambie nyumba ni ya watu wawili na mmoja wao ni mkwe wake. Usimwachie mkeo kazi hiyo.

Umeuliza kama anajipanga kuondoka. Anayejipanga kuondoka hahangaiki na bei ya bomba la Bamburi. Angeita wakili, agawiwe nusu yake, akuachie wewe barua ya droo na shemeji na Januari zake. Huyu yuko mezani usiku anakuokoa na faini. Mpelekee chai, na nenosiri la simu ambako mdogo wako hutuma hesabu.