Kipimamionzi na GPS: mbona alama zaangukia Kinango?

SWALI: Shikamoo. Sisi ni wanafunzi wawili wa Likoni. Tumeunda kifaa chenye mrija wa Geiger (unaohesabu mionzi) aina ya SBM-20, moduli ya GPS ya NEO-6M, Arduino Uno (kompyuta ndogo inayokiendesha) na kadi ya kumbukumbu, tuchore ramani ya mionzi asilia kutoka Likoni mpaka kilima cha Mrima. Mambo mawili yametushinda. Ramani inatuweka nyika za Kinango ilhali tulikuwa Likoni, na tukizisogeza alama kwa mkono, njia tuliyopita haikai sawa. Pili, tukikaa mahali pamoja saa nzima, hesabu ya kila dakika inaruka kutoka 12 hadi 31. Je, tumeuziwa mrija mbovu?

JIBU: Marahaba. Kwa mliyoyaeleza, mrija hauna dalili ya ubovu, na GPS pia ni nzima. Tatizo la kwanza ni hesabu ya programu yenu. La pili si tatizo, ndivyo mionzi ilivyo, ila lazima mjue namna ya kuishi nayo.

Fungueni faili mlilorekodi mtazame mstari unaoanza na $GPRMC. Mtaona kitu kama 0405.4200,S,03939.6000,E. Hizo si digrii zenye desimali. Tarakimu mbili za mwanzo za latitudo ni digrii, zilizobaki ni dakika: digrii 4, dakika 5.42. Longitudo ina tarakimu tatu za digrii: 39, kisha dakika 39.6. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo jibu ni 4.0903 na 39.6600, na hapo ni Likoni. Programu yenu, naona, imegawanya namba nzima kwa 100 ikapata 4.0542 na 39.3960. Tofauti hiyo ni kilomita 29 kuelekea magharibi na 4 kuelekea kaskazini, nanyi mkajikuta nyika.

Kusogeza kwa mkono hakuwezi kusaidia, kwa sababu kosa hili halihamishi ramani tu, linaikunja. Dakika zikigawanywa kwa 100 badala ya 60, kila kilomita moja mliyotembea huchorwa mita 600. Rudieni hesabu kutoka kwenye mistari ghafi, msihangaike na alama zilizokwisha kuharibika.

Mkiwa hapo kagueni mambo mengine matatu. Herufi S maana yake latitudo iwe hasi. Mkisahau, Likoni itahamia kusini mwa Ethiopia, juu ya Moyale. Amri ya Serial.print ya Arduino, msipoiambia kitu, hutoa desimali mbili tu, na desimali mbili za digrii ni zaidi ya kilomita moja ardhini. Iambieni itoe sita. La tatu, mkiweka alama juu ya ramani za zamani za karatasi za Kenya, jueni zile zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, GPS inatumia WGS84, na kati yake pana kama mita 300. Katika QGIS, programu ya kuchora ramani, chagueni mfumo wenye namba EPSG:21037 kwa ramani ya zamani na EPSG:4326 kwa vipimo vyenu vya digrii, programu itazioanisha yenyewe.

Mistari ya $GPRMC yenye herufi V badala ya A itupeni, ni GPS inayosema haijajua ilipo. Hata yenye A, HDOP (namba ya mpangilio wa satelaiti, iliyo kwenye mstari wa $GPGGA) ikizidi 3 msiiamini. Na fanyeni kazi asubuhi. NEO-6M inasikiliza masafa mamoja tu, 1575.42 MHz, na katika ukanda wetu wa tropiki tabaka la ionosfia (hewa ya juu yenye chaji za umeme) huchafuka baada ya magharibi mpaka karibu usiku wa manane, hasa karibu na Machi na Septemba. Kifaa cha masafa mamoja hakina njia ya kupima uchafu huo.

Sasa mrija. Mionzi haiji kwa mpangilio wa saa ya ukutani. Mkipata mapigo (hesabu za mrija) 20 kwa wastani, kuyumba kwake ni kipeuo cha pili cha 20, yaani kama 4.5. Katika vipimo 60 vya dakika moja moja, kuona 12 na 31 ni jambo la kutarajiwa. Ningeshtuka kama kila dakika ingetoa 20 kamili.

Kuna njia ya kuuthibitisha mrija bila kununua chochote. Chukueni vipimo vile 60, tafuteni wastani na variansi yake (wastani wa miraba ya tofauti kati ya kila kipimo na wastani), kisha gawanyeni variansi kwa wastani. Jibu likiwa kati ya 0.6 na 1.4, mrija unahesabu mionzi. Likifika 2 au zaidi, kuna mapigo ya uongo yanaingia, na hapa pwani mshukiwa wa kwanza ni unyevu wenye chumvi. Mrija unaendeshwa kwa volti 400 kupitia ukinzani wa takriban megaohm 5. Utando mwembamba wa chumvi juu ya bodi unatosha kuvujisha umeme. Safisheni bodi kwa spiriti ya isopropili, ikaushwe vizuri, ipakwe vanishi ya vifaa vya elektroniki, na ndani ya kasha wekeni kifuko cha silika jeli ya kunyonya unyevu. Mshukiwa wa pili ni simu mfukoni mwa mpimaji: wekeni mbali, rudieni saa nyingine, linganisheni.

Tafadhali msipime volti za mrija kwa mita ya kawaida moja kwa moja. Mita ya megaohm 10 inaunyonya umeme huo dhaifu na kuonyesha namba ndogo, mtu anadhani volti zimepungua, anaongeza, na mrija unaungua polepole. Tangulizeni ukinzani wa gigaohm 1, kisha zidisheni usomaji kwa 101. Volti 400 zitaonekana kama 3.96.

Dawa ya kuyumba ni muda. Mapigo 100 yana shaka ya asilimia 10, mapigo 400 asilimia 5. Kwa kasi yenu ya 20 kwa dakika, hiyo ni dakika 5 au dakika 20 za kusimama, mrija ukiwa mita 1 juu ya ardhi kwenye stendi ya miguu mitatu. Msipime mkiwa ndani ya matatu: kwa kilomita 40 kwa saa, dakika moja inameza mita 667, na alama moja ya GPS haiwezi kubeba umbali wote huo. Mkipata 100 mahali pamoja na 120 pengine kwa muda uleule, msiandike kwamba pa pili pana mionzi zaidi. Tofauti hiyo bado imo ndani ya shaka.

Rekodini mapigo ghafi, sekunde zilizohesabiwa na saa ya GPS. Mikrosieverti (kipimo cha dozi ya mionzi) zihesabiwe baadaye nyumbani. Kigawanyo cha mapigo 175 kwa mikrosieverti moja kwa saa, kinachotumiwa na wengi kwa SBM-20, ni makadirio, na kikibadilika mtakuwa na data ya kurudia.

Sehemu ya mapigo hayo haitoki ardhini: ni miale ya anga na mapigo ya mrija wenyewe. Ombeni nafasi kwenye mashua, mwende mita mia kadhaa kutoka pwani penye maji ya kina cha mita kadhaa, mhesabu nusu saa. Maji yanazuia mionzi ya ardhi, kwa hiyo kitakachobaki ndicho cha kutoa kwenye kila kipimo cha nchi kavu. Feri ya Likoni haifai, safari ni fupi na ukingo u karibu. Msipime pia mvua ya masika ikiwa imetoka kunyesha. Mvua hushusha risasi-214 na bismuthi-214, metali zenye mionzi zitokanazo na gesi ya radoni, hesabu hupanda, kisha hushuka zenyewe. Subirini saa 3.

Mrima ni msitu wa kaya wa Wadigo, basi kwanza ni ruhusa ya wazee. Mwamba wake una niobi, madini adimu na thori, metali yenye mionzi, hivyo hesabu itapanda na muda wa kusimama utapungua. Msichimbe, msibebe mawe kwenda nayo nyumbani, na naweni mikono kabla ya kula, maana vumbi la thori likiingia mwilini ni jambo tofauti na mionzi inayopita nje. Wala msiandike kwenye ramani kwamba mmepima thori. Mrija wa Geiger huhesabu tu, haujui mionzi imetoka kwa nani. Kuitambua thori kunahitaji spektromita (kifaa kinachopima nishati ya kila mwale), kama ile ya fuwele ya iodidi ya sodiamu, inayoonyesha kilele cha nishati ya keV 2615 cha thaliamu-208, itokanayo na thori.