Mwaka jana watoto watatu, mwaka huu mkeka haukutosha

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji mmoja wa Malindi. "Dada, nimeomba chumba cha watoto maktabani kwa likizo yote, Novemba hadi Desemba. Nimebandika matangazo mtaa mzima. Siku ya kwanza wamekuja watoto watatu, wawili wangu mwenyewe. Nifanyeje?" Niliusoma nikiwa nakuna nazi, nikainuka juu ya mbuzi nikaenda kukaa dakani, kwenye ukumbi wa mlangoni, peke yangu. Hayo aliyoyaandika ndiyo yaliyonipata mimi hapa Lamu, na hata idadi ni ile ile.

Najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo: chumba kimejaa watoto, kila mmoja na kitabu mkononi. Basi nitawaeleza nilivyoanguka, kisha nilivyoinuka.

Mwaka jana niliingia kwenye intaneti nikakuta ratiba ya watoto ya maktaba moja ya Uingereza. Kule, Oktoba inapokaribia kwisha, shule hupumzika wiki moja katikati ya muhula, na maktaba huandaa mambo ya msimu wa majani kupukutika. Watoto hukata majani ya karatasi, mekundu na ya manjano, huchonga maboga, husomewa hadithi za kindi wanaoficha njugu kabla ya baridi kuingia. Niliipenda ratiba ile kupita kiasi. Nikaichukua ilivyo, nikanunua karatasi za rangi, gundi na mikasi kumi kwa pesa yangu, nikabandika tangazo: Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi mtoto wa Lamu yuko chuoni anasoma Kurani. Mimi nimezaliwa hapa, nami nilikaa chuoni Jumamosi zote za utoto wangu, lakini siku ile nilikuwa nimeiamini ratiba ya watu kuliko maisha yangu mwenyewe. Wakaja watatu. Nikawasomea habari za majani yanayogeuka rangi kwa baridi. Msichana wa Gredi ya 3 akaniuliza, "Ticha, baridi kama ya friji?" Nikamjibu ndiyo. Akanyamaza, nami nikaona kabisa kwamba hadithi imekufa mikononi mwangu.

Kulikuwa na ofisi moja iliyoniahidi maboksi matatu ya vitabu. Nilikwenda mara tano. Mara ya tano bwana mmoja aliniambia, bila hata kuinua uso, "Watoto wa huku hawasomi. Vitabu vitaliwa na mchwa tu." Nilishuka ngazi zile huku nalia. Maneno hayo bado yananichoma, na sitasema yamenitoka moyoni, kwa sababu hayajatoka.

Nikafunga. Kaskazi ikaja ikapita, kusi ikaja, sikukanyaga chumba kile.

Kilichonirudisha ni usiku mmoja wa mwezi wa nane. Umeme ulikatika mtaa mzima, giza la kutoona mkono. Bibi yangu akaketi dakani, akaanza kumsimulia mjukuu mmoja kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu. Kabla hajafika mbali watoto wa jirani walikuwa wamekusanyika, saba, na hakuna aliyewaita. Akafika pale Liyongo amefungwa gerezani, mamake anampelekea mkate wa pumba wenye tupa ya kukatia pingu ndani, naye anaomba apigiwe ngoma kubwa ili mlio wa tupa usisikike. Bibi akasimamisha hadithi. Akawapa watoto sinia na ndoo, akasema, "Pigani!" Yeye mwenyewe akachukua kijiko akawa anakwaruza ukutani, kwenye jiwe la matumbawe, kwaru, kwaru. Watoto wakapiga kwa nguvu zao zote kuifunika sauti ile, kwa maana tupa ikisikika askari wataingia na Liyongo atakufa. Mtoto mmoja alikuwa anapiga huku jasho linamtiririka. Kijiko kikanyamaza. Bibi akanong'ona, "Pingu zimekatika."

Kukawa kimya. Halafu kijana mmoja akauliza, "Bibi, tupa ni kitu gani?"

Hapo nilielewa. Mtoto aliyekwisha kuingia ndani ya hadithi ndiye anayetaka neno, na anayetaka neno atafungua kitabu. Mimi nilikuwa nimeanza na kitabu, nikangoja hadithi ije yenyewe. Kesho yake nilimchukua kijana yule hadi kwa mchonga milango wa mtaani, akaishika tupa kwa mikono yake. Jioni alikuja kuniuliza kama kisa kile kimeandikwa mahali.

Kimeandikwa! Muhamadi Kijumwa, mtu wa Lamu hii hii, aliandika utendi wake mwaka 1913. Na ile Ngome yetu pale sokoni ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Wapo wazee wanaowakumbuka wafungwa wake. Mtoto wa Lamu hana haja ya kuletewa gereza la hadithi kutoka mbali.

Basi dada yangu wa Malindi, ushauri wa kwanza: uliza chuo kinafunga lini. Mtaani kwetu ni Alhamisi jioni, kwa hiyo tunakutana Alhamisi baada ya alasiri, na magharibi haitukuti ndani. Wa pili: soma kwa sauti. Usigawe vitabu ukae pembeni na simu yako. Soma kwa sauti, simama pale panaponoga, waache wapige sinia. Wa tatu: tafuta mzee. Bibi yangu hasomi herufi za kizungu, lakini ndiye anayefungua kila kikao kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" yao inasikika hadi barabara ya pwani. Akimaliza yeye naingia mimi na kitabu. Nasema tena, soma kwa sauti.

Alhamisi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Ya tatu, ishirini na sita. Juzi walikuwa arobaini na watatu. Mkeka haukutosha, wakubwa wakakaa sakafuni wakapakata wadogo. Nimewahesabu mara mbili. Natamani yule bwana wa ofisini angepita dirishani.

Mnaniuliza sana wasome nini. Wadogo wa miaka minne hadi saba wapeni vitabu vya picha vya African Storybook. Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2014, una hadithi za Kiswahili, na kupakua ni bure. Mimi huchapisha, hukunja na kushona katikati kwa uzi wa kushonea kofia. Wa miaka minane hadi kumi na mmoja hawachoki na visa vya Abunuwasi. Wakubwa zaidi nimewapa Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora. Wasichana wa darasa za juu nimewasomea beti chache za Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858. Wengi walijua beti mbili tatu kutoka kwa mama zao bila kujua kwamba ziko kitabuni.

Kama huna vitabu, omba. Ukikataliwa, omba kwingine. Vyetu vya mwisho vilitoka kwa rafiki wa Mombasa, vikaja kwa basi hadi Mokowe, vikavuka kwa boti, na gatini vikapakiwa kwenye shogi za punda. Watoto waliwafuata punda wale kama wanafuata bibi harusi. Huko Garissa ngamia wamekuwa wakibeba vitabu vya maktaba tangu mwaka 1996 kuwafikia wafugaji. Sisi punda tunao tele, tunangoja nini?

Nanyi wazazi, niwaambie kwa mapenzi. Msimpeleke mtoto maktabani kama mnampeleka kwa daktari. Kaeni naye. Baba mwenye nusu saa ya kahawa barazani ana nusu saa ya kumsikiliza mwanawe akisoma ukurasa mmoja. Mtoto husoma pale anaposikilizwa, na hilo halina bei.

Zile karatasi nyekundu za mwaka jana sikuzitupa. Alhamisi iliyopita kijana mmoja aliingia na jani kubwa la mti wa mkungu, limeiva wekundu kama damu, ameliokota ufukweni. "Ticha, hili nalo limepukutika," akaniambia. Nikatoa ile hadithi ya majani ya Uingereza niliyoifungia kabatini, nikaisoma upya, jani la mkungu likizungushwa mkono kwa mkono. Safari hii hawakuniuliza habari za friji. Waliuliza kwa nini huko miti yote inapukutisha pamoja, na mkungu wetu unapukutisha peke yake. Nimewaahidi jibu Alhamisi ijayo, na mikasi yote kumi imeshatolewa kutu.